Dawa Iliyopanda

Watu wa Ekerenyo walimtangulia Inspekta Persis Momanyi kituoni. Walikuwa wamejaza barabara kutoka lango la polisi hadi kwenye vibanda vya ndizi, wanaume mbele, wanawake nyuma, wengi wakiwa bado na mabuti ya kuchumia majani chai, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Persis alikuwa ametuliza maandamano mengi ya makelele hapa Nyamira. Watu walionyamaza namna hii ndio waliowahi kumchomea gari.

"Tupeni huyo kijana," mwanamume mmoja alimwambia aliposhuka. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe la kuendea kanisani limekunjamana kama alilolala nalo. "Tukabidhini tu, madam. Hatutawasumbua tena."

"Wewe ni nani?"

"Jasper Mose. Mume wa Esnah."

"Pole sana, Jasper."

"Pole siitaki. Namtaka yeye."

Ndani, mkuu wa kituo alikuwa ameshaamua. Esnah, mwanamke wa mimba ya kwanza, alikuwa ameingia Hospitali ya Bonde Baridi, hospitali ya kibinafsi nje kidogo ya Nyansiongo, ili apasuliwe kwa sababu mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Akadungwa ganzi ya mgongo. Mtoto wa kike akatoka analia. Mama akaacha kupumua pale pale kitandani. Daktari Onyiego, mwenye hospitali na ndiye aliyempasua, alikuwa ameandikisha taarifa isiyo na mikunjo: kijana wa ganzi, Zaki Abdikarim, alizidisha dawa, ikapanda hadi kifuani, mama akafa.

"Mshtaki kijana, hawa watu waende wakazike," mkuu wa kituo alisema.

"Nani aliyesema dawa ilizidi?"

"Daktari."

"Yule aliyekuwa ameshika kisu?"

Persis akachukua ufunguo wa chumba cha mahojiano mwenyewe.

Zaki alikuwa kijana mwembamba, mwana wa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kisii. Duka la baba yake lilikuwa limefungwa tangu habari zisambae, kwa kuogopa mawe. Aliweka mikono juu ya meza kabla hajaambiwa.

"Ulimpa dawa kiasi gani?" Persis aliuliza.

"Kidogo kuliko kawaida."

"Kwa nini kidogo?"

"Alikuwa mfupi, madam. Halafu mimba. Mimba ikishakuwa kubwa, mishipa ya damu inavimba ndani ya uti wa mgongo, na yale maji ya mgongo yanabaki na nafasi ndogo. Ukimpa dawa ya mtu mrefu asiye na mimba, itapanda mno. Nilipunguza."

"Nani alikuona ukipunguza?"

"Sista Valentine. Yeye ndiye aliyenifungulia chupa."

"Na iliyobaki iko wapi?"

"Ilitupwa. Taka za thieta, kile chumba cha upasuaji, zilichomwa mchana huo huo. Kwa kawaida huwa zinangoja mpaka mwisho wa wiki."

"Nani aliagiza zichomwe?"

"Sijui. Nilikuwa nalia."

Watu wengi walikuwa wamemwambia Persis mambo mengi katika chumba kile, lakini jibu kama hilo hakuwahi kulipata.

"Endelea. Ulimdunga vipi?"

"Akiwa ameketi. Nilimpangusa mgongo kwa spiriti, nikadunga chini kiunoni, polepole. Nikamlaza, nikamwekea mto chini ya kichwa na mabega. Nikaweka shuka iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia, tumbo lilalie kushoto lisibane mshipa mkubwa. Nikampima kwa pamba baridi. Baridi alianza kuisikia juu kidogo ya kitovu. Ganzi ilikuwa bado inapanda, taratibu, vile inavyotakiwa. Ilihitaji kungojewa tu."

"Ukangoja?"

Mikono ya Zaki ilianguka kutoka mezani. "Nikaondoka."

"Ulimwacha mgonjwa wako na sindano ndio kwanza imetoka?"

"Daktari alisema chumba cha pili kuna mwanamume aliyevunjika mguu, amelazwa pale tangu asubuhi, niende nikamdunge. Akasema huyu mama atamwangalia mwenyewe. Nilikataa. Akaniuliza kama hospitali ni ya baba yangu."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Niliposikia sista anapiga ukemi nikarudi mbio. Kitanda kilikuwa kimeinamishwa, kichwa chini, miguu juu. Mto haukuwepo. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Niliingiza mrija, nikampulizia hewa, nikasukuma kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Moyo ulikuwa umeshachoka."

"Daktari Onyiego anasema kitanda kiliinamishwa baadaye, presha ilipoanguka, kumsaidia damu irudi kwenye moyo."

"Basi mmoja wetu anadanganya."

"Na wewe ndiye uliyemwacha."

"Mimi ndiye niliyemwacha, madam. Hilo sitalikana hata mbele ya mumewe."

Persis alitoka na kuufunga mlango kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Askari wa zamu akaruka kwenye kiti.

*

Mjini Kisii alimtafuta Daktari Kwamboka, bingwa wa nusukaputi na ganzi aliyekuwa akifundisha wengine kazi hiyo. Alikuwa mama wa makamo, mnene, asiye na subira na watu wanaozunguka maneno. Persis alipomaliza kueleza, daktari alichukua mrija wa dripu, akaujaza maji, akaufunga ncha zote mbili na kuulaza mezani.

"Huu ndio mgongo," alisema. Akavuta kwa sindano juisi nzito nyekundu, ile ya kuchanganywa na maji, kutoka kwenye chupa, akaidunga ndani ya mrija upande mmoja. "Dawa yetu imetiwa sukari kusudi iwe nzito kuliko maji ya mgongo. Kitu kizito ndani ya maji kinafanya nini?"

"Kinazama."

"Haya. Huku ni kichwani."

Aliinamisha mrija. Wekundu ule ukaanza kutambaa, kwanza kwa kusitasita, halafu ukajiachia, ukateleza hadi mwisho na kutulia pale kama damu.

"Sisi tunasema dawa imepanda kwa sababu imekwenda kichwani," Daktari Kwamboka alisema. "Lakini haipandi. Inateremka. Kiasi cha dawa kina lake, ufupi wa mtu una lake, mimba ina lake. Ila mgonjwa akishadungwa, mwenye kitanda ndiye mwenye dawa. Anaipeleka anakotaka."

"Na kitanda kikiinamishwa baadaye? Tuseme mtoto ameshatoka, daktari anashona?"

"Wakati huo imeshashika mishipa ya fahamu, haitembei sana. Hatari ni zile dakika za mwanzo."

"Basi ninachotafuta ni kitu kimoja. Kitanda kiliinama kabla ya kisu, au baada."

"Si kimoja." Daktari alivua miwani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nisikilize vizuri, Inspekta. Hata ikipanda mpaka shingoni, mama hafi kwa dawa. Anakufa kwa kukosa mtu. Kwanza mikono inalegea. Sauti inakuwa ndogo. Anataka kukohoa, hawezi. Mtu wa ganzi akiwa pale kichwani anayaona hayo yote. Anampa dawa ya presha, anampulizia hewa mpaka ganzi iishe yenyewe. Kesho yake mama anakunywa uji. Nimewapulizia hewa wanawake wa namna hiyo, na leo wananisalimia sokoni." Aliutupa mrija kwenye sinki. "Kaulize alisema nini. Lazima alisema kitu. Huwa wanasema."

*

Daktari wa kupasua maiti alikuwa amemweleza Persis mapema kwamba kisu chake hakiwezi kuonyesha ganzi ilifika wapi. Mapafu yangeonyesha kwamba alikosa hewa, basi. Hata hivyo Persis alikuwa ameagiza mwili usioshwe, na alasiri ile alisimama kando yake katika chumba cha maiti pamoja na Sajini Omosa, msaidizi wake, jitu la mtu lililoogopa maiti na kujaribu kulificha jambo hilo kwa kukohoakohoa.

Esnah alikuwa mdogo kwa umbo, uso wa mviringo, nywele zimesukwa mistari. Tumbo lake lilikuwa bado la rangi ya kahawia kwa iodini aliyopakwa kabla ya kupasuliwa. Persis aliomba ageuzwe.

Mgongoni kulikuwa na michirizi. Ilianzia ubavu wa kushoto, ikapita kwenye bega, ikaishia kisogoni, ambako ilikuwa imejikusanya na kukauka. Rangi ilikuwa ile ile ya kahawia. Nywele za kisogo zilikuwa zimegandamana nayo.

"Hiyo si ndiyo ya kusafishia mgongo kabla ya sindano?" Omosa alisema. "Kijana alisema spiriti. Spiriti haina rangi. Kumbe ametudanganya, madam. Tumemshika."

Persis naye alikuwa ameliwaza hilo, na kwa kitambo lilimchoma, kwa sababu lilimaanisha kwamba alikuwa amemwamini mwongo. Akakivuta kiti cha mhudumu.

"Keti hapa. Geuka. Mama alidungwa akiwa ameketi hivi. Nikikumwagia maji kiunoni, yataenda wapi?"

"Kwenye suruali."

"Hayatapanda shingoni?"

Omosa akageuka akamtazama, halafu akautazama mwili. "Hayawezi."

"Na yeye chini ya kiuno hana doa. Hii ilitoka tumboni. Ilimwagika mbichi, ikafuata ubavu ule aliolazwa nao, ikatafuta kulikoteremka. Na kulikoteremka kulikuwa kichwani." Alivua glovu, moja baada ya nyingine. "Mtu anapakwa iodini lini, Omosa?"

"Kabla ya kupasuliwa."

"Tukutane asubuhi. Uje na suruali ya kuchafuka."

*

Hospitali ya Bonde Baridi ilitazamana na mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa waliofungiwa kwenye nyasi kwa seng'enge. Kwenye varanda, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alikuwa akitembea huku ameshika ukuta, mama mkwe wake akimfuata na leso. Persis alionyesha hati ya mahakama mapokezi na kwenda moja kwa moja thieta. Daktari Onyiego alikuwa akizungukia wodi. Hilo lilimfaa sana.

Sista Valentine aliwafungulia. Alikuwa msichana wa miaka ya ishirini, macho yamevimba. Persis hakumuuliza lolote kwanza. Alimwagiza Omosa avue shati na kulala kitandani, shuka iliyokunjwa iwekwe chini ya nyonga ya kulia, na mto chini ya mabega.

"Alilazwa hivi?" aliuliza.

"Hivi hivi."

"Mimina iodini kama ilivyomiminwa siku ile."

"Sikuipaka mimi. Daktari mwenyewe aliimimina kutoka kwenye bakuli. Alikuwa na haraka."

"Basi mimina kwa haraka."

Maji ya kahawia yalienea kwenye tumbo la Omosa, yakateleza upande wa kushoto, yakadondoka pembeni ya godoro. Omosa alilalamika kwamba ni baridi. Persis akampangusa, akamkausha.

"Sasa toa mto, uinamishe kitanda."

Mguu wa Valentine ulitafuta pedeli bila yeye kuangalia chini. Akakanyaga. Kichwa cha Omosa kikashuka, kikazidi kushuka, miguu yake mikubwa ikainuka juu, mpaka sajini akashika kingo za kitanda akimwita Mungu kwa jina la Nyasae. Hapo ndipo Valentine alipoacha.

"Mimina."

Iodini ilipita ubavuni, ikajipenyeza baina ya mgongo na godoro la plastiki, ikakimbia hadi shingoni na kujaza kisogo.

"Sista," Persis alisema polepole, "nimekuambia uinamishe. Sikukuambia kiasi gani. Nani alikufundisha kuinamisha namna hii?"

Bakuli lilianguka. Valentine aliziba uso kwa mikono yenye glovu, na maneno yakatoka yote kwa pamoja.

Zaki alipotoka tu, Daktari Onyiego alimfinya Esnah tumboni kwa koleo. Esnah akasema anasikia. Daktari akasema hawezi kungoja siku nzima, toa mto, shusha kichwa dawa ipande. Valentine akakanyaga pedeli. Daktari akasema zaidi. Akakanyaga tena. Daktari akamimina iodini huku kitanda kikiwa vile vile, akatandaza shuka za kijani, akafinya tena, na safari hii Esnah hakusikia kitu. Daktari akafurahi, akaanza kukata.

"Esnah alisema nini?" Persis aliuliza.

"Madam..."

"Alisema nini?"

"Alisema, sista, mikono yangu imekuwa mizito. Nikamwambia daktari. Daktari akasema ni woga. Akasema tena kifua kinambana. Daktari akasema mwambie anyamaze, anatikisa tumbo." Valentine alikuwa akipumua kama mtu aliyekimbia mlima. "Halafu sauti ikawa ndogo. Nikainama nisikie. Midomo ilikuwa inasema na sauti haitoki. Alikuwa ananitazama, madam. Akili zake zote zilikuwepo, alikuwa ananitazama tu mimi."

"Mashine ya kupulizia hewa ilikuwa wapi?"

"Chumba cha pili. Iko moja."

Omosa alikuwa ameketi, iodini ikimchuruzika mgongoni, naye hakuwa akilalamika tena.

"Mbona hukusema haya siku ile ile?"

"Aliagiza taka zichomwe, akaniambia nikifungua mdomo, mguu uliokanyaga pedeli ni wangu."

"Ni wako," Persis alisema. "Na utalisema hilo pia. Lakini mdomo ulioamuru si wako. Keti na sajini hapa hapa uandikishe."

*

Daktari Onyiego aliwapokea ofisini akiwa amevaa nguo za kijani za upasuaji. Alikuwa mwanamume wa sura nzuri, mvi chache, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wagonjwa waliolala. Ukutani palikuwa na picha yake akiwa amebeba watoto mapacha.

"Inspekta, karibu. Wale watu wa Ekerenyo wametulia?"

"Wananingoja. Nisaidie jambo moja tu niliandike sawasawa. Kitanda kiliinamishwa wakati gani?"

"Nilishaandikisha. Presha ilipoanguka."

"Mtoto alikuwa ameshatoka?"

"Ameshatoka kabisa. Nilikuwa nashona."

"Shuka za kijani zilikuwa zimeshatandazwa?"

"Bila shaka. Mtu hapasuliwi bila shuka."

"Na iodini ilikuwa imeshakauka."

"Huwa tunangoja ikauke. Ni kanuni." Alitabasamu. "Unajifunza udaktari?"

"Ilikaukaje, daktari, halafu ikakimbia kutoka tumboni hadi kisogoni?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, ila macho yalihama.

"Nimemgeuza," Persis alisema. "Ana iodini kwenye nywele. Imetoka tumboni, ikapita ubavu wa kushoto, ikateremka kichwani. Kitanda kilikuwa kimeinama ukiimimina. Ulikiinamisha dawa ikiwa mbichi mgongoni mwake, kwa sababu alisema anasikia na wewe hukutaka kungoja. Ukamwondoa mtu wa pekee aliyejua kumpulizia hewa. Alipokwambia mikono imelegea, ukasema woga."

"Valentine ni mtoto. Ameogopa."

"Sijamtaja Valentine."

Onyiego aliinuka, akaenda dirishani. Alipogeuka, sauti ile laini ilikuwa imekwisha.

"Unajua wilaya hii nzima ya Borabu kuna wapasuaji wangapi? Unajua wanawake wangapi wamezaa salama mikononi mwangu? Unafikiri kuna anasa ya kungoja hapa? Nikingoja mmoja, mwingine anakufa kwenye foleni. Nyinyi mnakuja baada ya mambo kuharibika, na glovu zenu, mnatafuta wa kufunga. Nifunge. Halafu umwambie yule aliye nje kwenye varanda nani atampasua leo."

"Yule wa varanda umpasue wewe?"

"Yuko kwenye orodha yangu ya mchana."

"Na ganzi? Mtu wako wa ganzi yuko kwenye seli yangu, wewe ndiye uliyemtia."

"Nitamdunga mwenyewe."

Kutoka nje ilisikika sauti ya mwanamke akiguna kwa uchungu, na mama mkwe wake akimtuliza kwa Ekegusii, lugha ya huko.

"Umdunge mwenyewe," Persis alirudia. Uso wake ulikuwa umewaka. "Halafu ugeuke ushike kisu. Na kichwani pake asimame nani? Umemuua mmoja kwa njia hiyo, hajazikwa, na unataka kulaza mwingine kitanda kile kile! Toa mikono."

"Inspekta, yule mama akifia njiani, damu yake..."

"Toa mikono!"

Pingu zilimfunga juu ya mikono ya nguo za kijani. Persis alimkabidhi kwa Omosa, akatoka varandani mbio. Valentine alimpima yule mwanamke, mtu wa Nyaramba, mimba ya tatu. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa mazuri, njia ilikuwa haijafunguka sana. Angeweza kufika Kisii. Gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa na mafuta na dereva alikuwa amelala ndani. Persis alimwamsha kwa kupiga bodi kofi. Akampigia simu Daktari Kwamboka huku akimsaidia mwanamke kupanda.

"Nakuletea mtu," alisema.

"Mlete amelalia ubavu wa kushoto," Kwamboka alijibu. "Nitakuwa mlangoni."

Valentine alipanda naye, ameshika mkono wake, na gari likaondoka likimwaga vumbi juu ya ng'ombe. Upekuzi wa hospitali ulimchelewesha Persis, na kabla hajafika kituoni, ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu: mtoto wa kiume, mama anaongea mno.

*

Umati ulikuwa bado pale. Persis aliagiza gari la polisi lisimame kabla ya lango, akashuka peke yake, akawaeleza kwa Ekegusii kilichotokea, bila kupunguza. Aliwaambia nani aliinamisha kitanda na kwa nini. Aliwaambia pia kwamba Zaki aliondoka wakati hakupaswa kuondoka, kwamba amekubali mwenyewe, na kwamba atatoka seli leo lakini atayasema hayo mahakamani na mbele ya wakubwa wa kazi yake. Mtu mmoja aliuliza duka la Abdikarim lina kosa gani basi. Persis akamwambia aliulize kundi lililokwenda kulitishia.

Jasper Mose alisogea mbele.

"Aliwaambia?" aliuliza. "Esnah. Aliwaambia kwamba anaumwa?"

"Aliwaambia. Mikono imekuwa mizito, kifua kinambana. Daktari akasema ni woga, anyamaze."

"Mara ngapi?"

"Mpaka sauti ilipoisha."

Jasper aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. "Nataka kumwona huyo daktari. Sitamgusa. Mnifunge mikono mkitaka."

Mkuu wa kituo alikataa. Persis alimtazama mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo akaondoka kwenda kutafuta chai.

Onyiego aliketishwa upande mmoja wa meza, Jasper upande wa pili, Omosa akasimama katikati akiwa bado ananuka iodini. Mume wa marehemu aliangalia mikono ya daktari ndani ya pingu.

"Mke wangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza," alisema. "Watoto hamsini na kitu, wengine hawajui hata Kiswahili, wanalia, wanataka mama zao. Kazi yake ilikuwa kuongea polepole mpaka wote waelewe. Hakuna mtoto aliyewahi kutoka kwake bila kuelewa." Akainua macho kumtazama daktari. "Alikueleza wewe. Mikono, kifua, alikueleza kimoja kimoja. Nikwambie nini mimi ambacho yeye hakukwambia?"

Daktari Onyiego alifungua mdomo.

"Nyamaza," Jasper alimwambia. "Ni woga huo."

Akainuka, akamwomba Omosa amfungulie mlango, na kwenda kuwaambia watu wake warudi nyumbani wakachimbe kaburi.